KABLA YA KUCHAGUA JIBU, SOMA UMRI

Safu yetu wiki hii inawahusu watu wa makundi mawili ambao kwa kawaida hatuwaweki pamoja. Kundi la kwanza ni vijana wetu waliomo katika vyuo vya uuguzi na ukunga, ambao muda si mrefu wataingia katika chumba cha mtihani. Kundi la pili ni wazazi. Hao hawatafanya mtihani wowote, lakini wanacho nyumbani kile ambacho vijana hao wanaulizwa darasani: mtoto anayekua, kijana anayebalehe na mzee anayedhoofika.

Sababu ya kuandika ni hii. Tangu msimu wa mitihani ulipokaribia, baadhi ya wanachuo wa mtaani kwetu wameomba kukitumia chumba cha madrasa baada ya Isha, kwa kuwa majumbani mwao hakuna nafasi wala utulivu. Kamati imewaruhusu, na imefurahi kuwaruhusu. Tukipita usiku kufunga milango tunawakuta wameinamia mafungu ya karatasi zilizorudufiwa: maswali ya miaka iliyopita ya somo la ukuaji na makuzi ya binadamu, kila swali limetiwa alama ya jibu kwa kalamu nyekundu. Mmoja husoma swali kwa sauti, wengine huitikia kwa herufi. Wenyewe wanaita kazi hiyo "kukremu". Wanaitikia kwa kasi ya kusifika, lakini ukiwauliza kwa nini jibu ni B wala si C, chumba kizima hunyamaza.

Sisi si wauguzi. Kwa hiyo tulimwendea mama mmoja wa mtaani, muuguzi mkunga mstaafu aliyepata pia kufundisha chuoni, tukamwonyesha fungu lile la karatasi. Akalipekua kwa utulivu, kisha akatamka neno ambalo ndilo kiini cha makala haya: mtahini hana haja ya kutunga swali jipya kila mwaka, huubadilisha umri wa mgonjwa tu, na jibu lote likageuka. Aliyekariri herufi hatatambua kwamba swali si lile tena.

Kwa msaada wa mama huyo tumeandaa maswali saba ya mazoezi. Tunawaomba wanachuo wayajibu kwanza kabla ya kusoma maelezo, na tunawaomba wazazi wasiyaruke wakidhani si yao.

Swali la kwanza. Mama amemleta mtoto mwenye kikohozi. Muuguzi amezihesabu pumzi zake kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, akapata pumzi 45. Je, mtoto huyu anapumua haraka kupita kawaida?

Mwanachuo makini atajibu kwa kuuliza: ana umri gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kwamba mtoto wa chini ya miezi 2 huhesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, akifikisha 50 au zaidi. Na wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, akifikisha 40 au zaidi. Basi kichanga wa wiki tatu mwenye pumzi 45 hajafika mpaka huo. Mtoto wa miezi minane naye hajaufika. Lakini wa miaka mitatu amekwisha kuuvuka, na kikohozi pamoja na pumzi za namna hiyo ni dalili ya kushukiwa nimonia.

Hesabu ni moja na kikohozi ni kimoja, lakini watoto ni watatu na hukumu ni mbili. Aliyekariri kwamba "pumzi 45 si haraka" atapata alama yake siku ambayo mtahini ameuliza habari ya kichanga. Siku atakapokuwa peke yake katika zahanati ya kijijini, akaletewa mtoto wa miaka mitatu, atamrudisha nyumbani akiwa na nimonia kifuani. Tuongeze hapa kwa ajili ya wazazi kwamba idadi ya pumzi si dalili pekee. Mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au asiyeweza kunyonya wala kunywa, ni wa kukimbizwa kituo cha afya bila kungoja kuhesabu chochote.

Swali la pili. Mtoto alizaliwa na kilo 3. Alipotimiza miezi mitano alikuwa na kilo 6. Leo ametimiza miezi 12 na mizani inaonyesha kilo 6.8. Mama anasema mtoto anacheza vizuri, na kwamba ukoo wao ni wa watu wembamba. Muuguzi afanye nini? A: amlinganishe na ndugu zake. B: amtulize mama kwamba mtoto ni mwembamba kwa asili. C: autazame mstari wa uzito katika kadi, aulize habari za chakula na maradhi, na aupime mkono wa mtoto. D: ampe vitamini na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Jibu ni C. Kanuni inayofundishwa vyuoni ni kwamba uzito wa kuzaliwa huwa mara mbili mtoto anapokaribia miezi mitano hadi sita, na mara tatu anapotimiza mwaka. Mtoto huyu alianza vyema, akafika kilo 6 kwa wakati wake. Alitazamiwa kukaribia kilo 9, lakini kwa miezi saba ameongeza gramu 800 tu. Jambo la kutazama hapa ni mahali mstari ulipoanza kulala. Umelala baada ya mwezi wa tano, jirani kabisa na mwezi wa sita ambapo maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena na mtoto huanza kupewa chakula. Hapo muuguzi amekwisha kupata la kumwuliza mama: mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, na nani anamlisha mama anapokwenda kazini? Kisha aupime mzingo wa mkono wa juu kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na huyo hangoji miezi mitatu.

Hapa wanachuo watofautishe maneno mawili ambayo mitihani hupenda kuyachanganya. Ukuaji ni kuongezeka kwa mwili, nao hupimwa kwa mizani na utepe. Makuzi ni kuongezeka kwa uwezo: kukaza shingo, kukaa, kusema, kufikiri, kuishi na wenzake. Mtoto aweza kuwa mzima katika moja na akachelewa katika jingine. Kusema kwamba "anacheza vizuri" kumejibu swali la makuzi, lakini swali lililoulizwa ni la ukuaji.

Swali la tatu. Mtoto wa miezi 14 anasimama kwa kushika kiti na kupiga hatua akishikwa mkono, ila hajatembea peke yake. Mtoto wa jirani alitembea akiwa na miezi kumi. Mama ana wasiwasi. Muuguzi amwambie nini?

Kabla ya kujibu, tuikumbuke kanuni ya msingi: makuzi ya mwili hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni, na hutoka katikati ya mwili kwenda pembeni. Ndiyo maana shingo hukaza kabla ya kiuno, na kiuno kabla ya miguu. Na ndiyo maana mtoto huweza kuurusha mkono mzima kabla ya kuokota punje ya mchele kwa vidole viwili. Mpangilio huo haubadilikibadiliki. Kinachotofautiana baina ya mtoto na mtoto ni kasi.

Tofauti hiyo ilipimwa. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mkubwa wa ukuaji wa watoto katika nchi sita, nazo ni Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na viwango vyake vikatangazwa mwaka 2006. Katika watoto wenye afya njema wa nchi tano kati ya hizo, zote isipokuwa Brazil, muda wa kuanza kutembea bila kushikwa ulitanda kutoka miezi 8.2 hadi miezi 17.6. Yaani kati ya mwanzo na mwisho wa muda huo kuna zaidi ya miezi tisa, na watoto waliomo humo ni wazima. Wapo hata walioruka hatua ya kutambaa kwa mikono na magoti, wakasimama na kwenda zao.

Basi mtoto wa miezi 14 anayepiga hatua akishikwa hajachelewa, na jibu sahihi ni kumtuliza mama na kumpangia siku ya kutazamwa tena. Sasa fanya kile afanyacho mtahini: badilisha umri uwe miezi 19, na mtoto hatembei. Kumtuliza mama hapo ni kosa, kwa kuwa huyo anatakiwa kuchunguzwa. Na kama swali litasema kwamba mtoto alikuwa akitembea au akisema maneno, kisha akaacha, usihangaike na umri hata kidogo. Kupoteza uwezo uliokwisha kupatikana ni ishara ya hatari katika umri wowote.

Swali la nne ndilo lililowanyamazisha vijana wetu kuliko yote. Mtoto wa miaka miwili amelazwa, na mama hakuweza kubaki naye wodini. Siku ya kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili akawa analia kwa vipindi, anakataa chakula na kutazama mlango. Siku zilipozidi akaacha kulia, akakubali kushikwa na kila muuguzi, na mama alipokuja hakumkimbilia. Je, mtoto amezoea hospitali?

Wengi waliitikia kwamba amezoea. Hapana, hakuzoea. Mwaka 1952, huko Uingereza, James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na daktari John Bowlby, alitoa filamu iliyomwonyesha msichana wa miaka miwili akiwa hospitali kwa siku nane. Zama hizo hospitali nyingi ziliwazuia wazazi wasiwatembelee watoto wao isipokuwa kwa nadra, kwa hoja kwamba mama akija mtoto hulia na akiondoka hutulia. Robertson na Bowlby walieleza kwamba utulivu ule una hatua tatu nyuma yake: kwanza mtoto hupinga, kisha hukata tamaa, kisha hujitenga. Aliyenyamaza amefika hatua ya pili au ya tatu. Mwaka 1959 kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila vizuizi vya saa, na mama wa watoto wadogo wapewe nafasi ya kulazwa pamoja nao.

Katika wodi zetu mama kwa kawaida hulala na mwanawe, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wapo watoto wanaofikishwa wodini peke yao: mama amejifungua mwingine, au amefariki, au yeye mwenyewe amelazwa. Muuguzi aliyeelewa swali hili hatamwita mtoto mtulivu kuwa "mtoto mzuri asiyesumbua". Atauliza: nyumbani nani humlea? Na hapa vitabu vinahitaji kusomwa kwa macho ya kwetu. Vitabu vingi vya chuo vimeandikwa kwa kumtazama mama mmoja na mtoto mmoja. Kwetu mara nyingi aliyemlea mtoto ni bibi, shangazi au dada mkubwa. Ukimtafuta mama peke yake huenda ukamkosa yule ambaye sura yake ndiyo dawa.

Swali la tano. Mtoto wa miaka minne anatakiwa kuchomwa sindano. Anajificha nyuma ya mama, anasema: "Sitorudia tena, sikufanya makusudi." Maneno hayo yanaonyesha nini, na muuguzi amwandae vipi?

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na ambaye katika kazi yake hii aliwachunguza pia watoto wake mwenyewe watatu, aliweka umri wa kati ya miaka 2 na 7 katika hatua ambayo mtoto bado hafikiri kwa mantiki ya mtu mzima. Mambo mawili yakifuatana huyafanya kuwa sababu na matokeo: nilimpiga mdogo wangu, nikaugua, basi nimeugua kwa sababu nilimpiga. Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kuhamia Marekani mwaka 1933, aliuweka umri huohuo, wa miaka 3 hadi 6, katika mvutano baina ya uthubutu na hisia ya hatia. Wataalamu hao wawili wanakutana juu ya mtoto mmoja aliyejificha nyuma ya nguo ya mama yake: anaamini kwamba sindano ni adhabu.

Jibu, basi, ni kumwambia wazi kwamba hakufanya kosa na sindano si adhabu, kumwachia aishike bomba isiyo na sindano na "kumtibu" mwanasesere, kumweleza kwa maneno machache muda mfupi kabla ya tendo lenyewe, na kutomdanganya kwamba haitauma. Anayechagua jibu la kumweleza siku tatu kabla, kwa mchoro wa mishipa, amemjibia mtoto wa miaka kumi na miwili.

Wazazi, swali hili ni lenu zaidi kuliko la wanachuo. Ni nani miongoni mwetu hajasikia mtoto akiambiwa, "Ukilia tena nitamwita daktari akuchome sindano"? Tunamfundisha nyumbani kwamba sindano ni fimbo, kisha tunashangaa anapopiga mayowe kliniki. Muuguzi anakuwa na kazi ya kubomoa katika dakika tano kile tulichokijenga kwa miaka minne.

Swali la sita. Kijana wa miaka 15 mwenye kisukari amekuwa akijichoma insulini vizuri tangu akiwa na miaka tisa. Tangu aingie shule ya bweni ameletwa hospitali mara mbili hali yake ikiwa mbaya. Anakiri kwamba huruka dozi za mchana. Muuguzi aanzie wapi? A: amfundishe upya namna ya kuchoma. B: amwonye kuhusu madhara ya miaka ijayo. C: azungumze naye kwa faragha ajue dozi ya mchana inamgongania na nini mbele ya wenzake. D: amkabidhi mwalimu sindano zote.

Jibu ni C. Kujua kuchoma anajua. Ana uzoefu wa miaka sita. Alipokuwa na miaka tisa alikuwa katika umri ambao Erikson aliueleza kwa bidii dhidi ya unyonge: mtoto hufurahi kuonyesha kwamba anaweza, na kujichoma mwenyewe kulikuwa fahari. Sasa yumo katika umri wa kujitafuta: mimi ni nani mbele ya wenzangu? Sindano ileile iliyokuwa fahari imekuwa aibu. Ugonjwa haukubadilika na dozi haikubadilika. Kilichobadilika ni umri. Muuguzi akiijua siri hiyo atashauriana naye mahali na saa ya kuchoma bila kutazamwa, na akikubali, mwenzake mmoja wa kuaminika afahamishwe. Ama kumtisha kwa habari za figo za miaka ishirini ijayo ni kumsemesha kijana kuhusu wakati ambao bado hauoni.

Swali la saba. Mzee wa miaka 74, aliyekuwa akifanya hesabu za duka lake mpaka juzi, ameletwa akiwa hajui yuko wapi, anawaita wanawe kwa majina ya watu waliokufa. Hali hii ilianza jana. Ndugu wanasema, "Ni uzee tu." Muuguzi aelewe nini?

Neno la kulitazama katika swali hili ni "jana". Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Usahaulifu wa maradhi ya ubongo wa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa na akili zake juzi akapotea jana ana jambo jingine: huenda ni maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, sukari kushuka, dawa mpya aliyoanza, au kiharusi. Kwa mzee maambukizi huweza kuja bila homa kali, na dalili ya kwanza ikawa ni kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura, na mara nyingi inatibika. Kumrudisha nyumbani kwa neno "uzee" ni kumnyima tiba kwa sababu ya umri wake.

Tuseme wazi lililo nyuma ya swali hili. Katika maswali sita ya mwanzo tulisisitiza kwamba umri hubadilisha jibu. Swali la saba linatuonya upande wa pili: umri usigeuzwe kuwa jibu. Mtahini mwerevu huweka chaguo lisemalo "ni hali ya kawaida ya umri", na wanaolikimbilia ni wengi. Umri ni ufunguo wa kuulizia. Ukiishaufungua mlango, ingia ndani umtazame mtu.

Tumeyaona maswali. Sasa tunatoa nasaha za namna ya kujisomea, kama tulivyozipokea kwa mama yetu yule, nasi tumeanza kuona matunda yake katika chumba cha madrasa.

Ya kwanza: msifiche majibu, ficheni umri. Mmoja asome swali bila kutaja umri wa mgonjwa, na wenzake waseme jibu lingekuwaje kwa kichanga, kwa mtoto wa miaka minne, kwa kijana, kwa mtu mzima na kwa mzee. Swali moja likisomwa hivyo lina thamani ya maswali matano.

Ya pili: kwa kila jibu sahihi, elezeni pia makosa ya yale matatu yaliyobaki. Chaguo lisilo sahihi mara nyingi huwa ni jibu sahihi la mtu wa umri mwingine. Ukimjua mwenyewe halikudanganyi tena.

Ya tatu, na hii tunaiona kuwa nzito kuliko zote: jielezeni kwa Kiswahili. Masomo yenu na mtihani wenu ni kwa Kiingereza, lakini mama atakayekaa mbele yenu zahanati atazungumza Kiswahili, au lugha ya kwao. Hatua ya kwanza ya Erikson, ambayo kila mwanachuo anaikariri kwa Kiingereza, maana yake ni nini? Ni kwamba katika mwaka wa kwanza mtoto anajifunza kama dunia ni ya kutegemewa: nikilia, je, kuna anayekuja? Ukiweza kumweleza mama hivyo, naye akaelewa kwa nini kumbeba kichanga anayelia si kumdekeza, basi umeielewa hatua ile. Ukishindwa, unalo jina lake tu.

Ya nne: jiepusheni na wauza mitihani. Kila msimu hupita watu wakidai wanazo karatasi zenyewe, na wazazi waliouza kiwanja ili kulipa ada huombwa fedha nyingine za "kumsaidia kijana". Ikiwa karatasi ni ya uongo, fedha imepotea. Ikiwa ni ya kweli, hasara ni kubwa zaidi, kwani kijana atavaa sare nyeupe akiwa hajui tofauti ya pumzi 45 za kichanga na pumzi 45 za mtoto wa miaka mitatu. Mtoto huyo wa miaka mitatu ana wazazi pia. Huenda ni jirani zetu.

Wazazi nao wana zoezi lao. Leo usiku itoeni kadi ya kliniki ya mtoto ilipohifadhiwa, muutazame mstari wa uzito: unapanda, umelala, au unashuka? Kama umelala, msingoje tarehe iliyoandikwa. Mtoto asiyegeuka anapoitwa, au aliyetimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, apelekwe akapimwe masikio na makuzi yake, wala tusijifariji kwamba baba yake naye alichelewa kusema. Na kama nyumbani kuna mwanachuo wa uuguzi, mpeni kadi hiyo aisome kwa sauti na kuieleza mbele ya familia. Atakuwa amefanya mtihani wa mazoezi ulio bora kuliko fungu zima la karatasi zilizorudufiwa.

Chumba cha madrasa kitaendelea kuwa wazi kwa wanachuo wote wa mtaa, wavulana na wasichana kwa zamu zilizobandikwa mlangoni, tangu baada ya Isha hadi saa nne usiku mpaka mitihani itakapokwisha. Mama yetu mstaafu ameahidi kuwa nao kila Jumamosi alasiri. Aliomba jambo moja tu: wasije na majibu, waje na maswali waliyoyakosa. Wiki ijayo, Inshaallah, tutaendelea na maswali ya umri wa kuzaliwa hadi siku 28.